Gogo Lifuate Msumeno, au Msumeno Ufuate Gogo? Historia ya tela la mashine ya mbao, kutoka Saadani hadi Msata



Tangu masika yalipokatika nimeulizwa swali moja na watu wasiopungua watano. Wengine walinisimamisha njiani, wengine walipiga simu, na mmoja alinikuta mnadani nikiwa nachagua mbuzi. Swali lenyewe ni hili: "Bwana shamba, mashine ya kupasulia mbao tunaweza kuipata, lakini ya kukaa sehemu moja haitufai. Tukitaka kuichomelea tela lake hapa hapa Msata, tuanzie wapi?"

Ningeweza kujibu kwa vipimo: chuma cha unene gani, ekseli ya gari gani, tairi saizi gani. Lakini kipo kikundi kimoja upande wetu huu kilichoanzia kwenye vipimo mwaka juzi, na kikapoteza akiba ya karibu mwaka mzima. Nilikuwa karibu nao wakati wote, nikatazama, nikanyamaza, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu. Baadaye, nilipokaa na kusoma historia ya pwani yetu, niliona kwamba tatizo lililowakuta wale vijana lilikwisha kuwakuta watu wengine hapa hapa, miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Kwa hiyo leo nitawachelewesha kidogo kwenye historia. Vipimo vitakuja humo humo.

Msumeno uliotembea kwa miguu

Kabla ya mashine, mbao za pwani zilipasuliwa kwa mikono. Mnaenda porini, mti unaangushwa, halafu mnachimba shimo la kumtosha mtu kusimama ndani, au mnajenga jukwaa la miti. Gogo linaviringishwa hadi juu ya shimo na kupigwa mstari kwa uzi uliopakwa masizi. Kisha watu wawili wanashika msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini. Msumeno hukata ukiwa unashuka: wa chini ndiye anayevuta, wa juu anaunyanyua na kuulinda usitoke kwenye mstari.

Nina jirani mzee aliyeifanya kazi hii ujanani, katika misitu ya kuelekea mto Wami. Nilipomwendea kumuuliza alicheka kwanza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Leo hujaja na habari za mahindi?"

Nikamweleza. Akasema, "Mimi nilianzia chini. Mwaka mzima chini, kofia usoni, unga wa mninga unaingia mpaka masikioni. Ukipandishwa juu ndipo unaitwa fundi." Nikamuuliza walikuwa wanalibebaje gogo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa wanaibebaje nyumba. "Gogo halibebwi, mwanangu. Lilipoanguka ndipo penye kazi. Sisi tulibeba mbao."

Hesabu inamuunga mkono. Chukua gogo la kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 3. Ujazo wake unakaribia mita za ujazo 0.85. Mti mgumu ukiwa mbichi, mita moja ya ujazo inaweza kukaribia tani moja. Hapo una kilo 800 na zaidi, gogo moja tu, tena fupi. Msumeno wa kupasulia mtu mmoja anautia begani na kuondoka nao. Ndiyo maana kwa muda mrefu sana, iwe ni mkongo, mvule au mninga, msumeno ndio uliosafiri kulifuata gogo. Kilichotoka porini kilikuwa mbao, kichwani au begani, ubao mmoja mmoja, hadi Bagamoyo kwenye mafundi wa milango na majahazi.

Magurudumu ya kwanza yalifia njiani

Sasa tuje kwenye magurudumu, maana tela ni magurudumu.

Bagamoyo ilikuwa mlango wa misafara ya Unyamwezi na Ujiji, lakini kwa miaka yote ile shehena haikupita kwa gari la kukokotwa. Pembe, shanga, vitambaa, waya, chumvi, kila kitu kilikwenda kwa mpagazi, na mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Watu wa pwani gurudumu walilijua vizuri. Kilichowazuia ni ndorobo. Ng'ombe au farasi akipitishwa kwenye vichaka vya bara anaumwa, anapata nagana, anakonda na kufa. Mnyama wa kuvuta akikosekana, gari ni kuni tu.

Kilichokuwa kikubwa kuliko mzigo wa mtu kilivunjwa vipande. Mwezi Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua yake iliyoitwa Lady Alice. Ilikuwa na urefu wa futi 40, na ilitengenezwa Uingereza kwa namna ya kufunguka vipande ili wapagazi waibebe. Huko ilikotengenezwa hesabu ilionekana sawa. Ilipofika Unguja vipande vikaonekana vizito mno kwa njia za huku, ikabidi fundi avipunguze kabla msafara haujavuka kuja bara. Hapo nilisimama kidogo kusoma. Mashine ilibuniwa mbali na njia itakayopita, ikaja kukatwa upya ilipoiona njia yenyewe. Nani kati yetu hajawahi kununua jembe la kukokotwa au mashine ya kukoboa akakutana na jambo hilo hilo?

Miaka miwili baadaye wakaja waliotaka kuwaacha wapagazi kabisa. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society, aliyekuwa amezoea magari ya ng'ombe kusini mwa Afrika, alishuka Saadani, akajaribu njia ya kwenda Mpwapwa na ng'ombe wachache. Walifika na kurudi. Akaona mambo yamekwisha. Mwaka 1877 msafara kamili ukaja na magari makubwa na ng'ombe wa kuyavuta. Karibu ng'ombe wote wakafa njiani, na mpango wa magari ukaachwa. Mizigo ikarudi kwenye vichwa vya watu.

Mwaka huo huo wa 1877 Alexander Mackay, mhandisi kijana wa Church Missionary Society, alisimamia kazi ya kufyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230, kama kilomita 370. Ilipasua vichaka hivi hivi vya upande wetu wa Wami. Mackay alikuwa fundi hasa, wa chuma na wa mbao, si mtu wa maneno. Lakini yeye naye alipoingiza magari yake ya ng'ombe kwenye barabara aliyoikata mwenyewe, mvua, matope, vivuko vya mito na ndorobo vilimwelemea. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alijaribu hata tembo: mwaka 1879 tembo wanne wa India walishushwa Msasani ili wabebe mizigo hadi ziwa Tanganyika. Nao waliisha.

Nawaeleza haya kwa sababu moja. Jaribio la Price la 1876 lilifaulu kwa kuwa lilikuwa dogo, jepesi, na la safari moja. Kosa lilikuwa kuamini kwamba kilichofanya kazi na ng'ombe wachache kitafanya kazi hivyo hivyo na gari lililojaa. Hilo neno "lililojaa" tutalirudia tukifika kwenye tela la Msata.

Wajerumani waligeuza msemo

Utawala wa Kijerumani haukuhangaika na ng'ombe. Uliweka reli. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Mombo mwaka 1905. Hapo kwa mara ya kwanza upande wetu wa nchi gogo likaweza kuufuata msumeno. Kampuni ya Sigi, Usambara Mashariki, ilijenga reli yake ndogo ya kilomita 23 hivi kati ya Tengeni na Sigi ili kutoa miti milimani. Kule Shume, kampuni ya Wilkins & Wiese ilifunga waya wa kuning'iniza mizigo kutoka juu msituni hadi Mkumbara kwenye reli, ukiteremsha mbao za mwangati ule unaofaa kwa penseli. Waya huo ulitengenezwa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig. Hebu fikirieni: mti unaota Lushoto, unashuka mlima kwa kamba ya chuma, unapanda treni, unapanda meli, unakuwa penseli Ulaya.

Mpango huo una nguvu, lakini una masharti. Kiwanda kikishawekwa hakihami. Kinataka miti mingi sehemu moja, reli au barabara ya uhakika, na mtaji wa kusubiri. Misitu ya vipande vipande kama yetu, mninga mmoja hapa, mkongo mwingine nusu saa mbele, haikuwahi kukifaa kiwanda cha namna hiyo. Kwa hiyo huku wapasuaji wa shimo waliendelea na kazi yao hata baada ya Waingereza kuja na malori.

Baada ya uhuru serikali nayo ilitegemea viwanda vikubwa. Mwaka 1971 likaundwa shirika la TWICO kusimamia viwanda vya mbao vya umma. Kwenye mashamba ya misonobari kama Sao Hill mpango huo una mantiki: miti imepandwa mistari, umri mmoja, barabara zipo. Kwenye msitu wa asili ilikuwa hadithi nyingine. Usambara Mashariki katika miaka ya 1980 uvunaji wa mashine uliharibu vyanzo vya maji na kuzua malalamiko hadi ukasimamishwa, na mwaka 1997 sehemu ya misitu ile ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani.

Kisha, kiwanda kikubwa kilipochoka, msumeno ukaanza tena kutembea. Waliofika Mafinga wanazijua zile mashine zinazoitwa dingidongo: fremu ya chuma, injini ya dizeli, msumeno wa duara, inakokotwa hadi shambani, inafungwa chini ya mti, inapiga kelele kutwa. Wasomi wanaidharau. Mimi siidharau, imesomesha watoto wengi wa Mufindi. Ila ina ulafi wake, na nitaueleza sasa hivi.

Ulafi wa milimita

Msumeno wowote ukipita kwenye gogo unaacha njia, na kile kilichokuwa kwenye njia hiyo kinakuwa unga. Tuseme msumeno wa duara unakula milimita 7. Ukipita mara 10, umegeuza milimita 70 za gogo kuwa unga. Ubao wa inchi moja ni milimita 25. Umepoteza karibu mbao tatu. Sasa chukua msumeno wa mkanda, ule ukanda mwembamba wa chuma wenye meno unaozunguka kwenye magurudumu mawili. Huo unakula kama milimita 2 na nusu. Mara 10 ni milimita 25, yaani ubao mmoja. Kwa gogo lile lile, kazi ile ile, unabaki na mbao mbili zaidi. Mwenye mitiki minane nyuma ya nyumba aifanye hesabu hiyo mwenyewe kwa bei ya mbao ya Msata leo.

Mashine ndogo za mkanda zinazovutwa na gari zilienea duniani kuanzia miaka ya 1980. Kampuni ya Wood-Mizer ya Indiana, Marekani, iliyoanza mwaka 1982, ndiyo iliyozipa jina zaidi. Ujanja wao haukuwa msumeno wa mkanda, maana huo ulikuwepo viwandani zamani. Ujanja ulikuwa kuuweka kwenye kitanda chenye ekseli, mtu mmoja mwenye pikapu aupeleke kwa mkulima mwenye magogo matatu. Kwa maneno mengine walirudi kwa babu yangu wa Wami: gogo lilipoanguka ndipo penye kazi.

Na huku kwetu jambo hilo linagusa zaidi ya faida. Mwaka 2010 watafiti walichapisha kazi iliyopima jinsi uvunaji ulivyosambaa kutoka Dar es Salaam kati ya 1991 na 2005. Waligundua kwamba ukataji wa miti ya mbao za bei kubwa ulikuwa unasogea mbali na jiji kwa kasi iliyofikia kilomita 9 hivi kwa mwaka, na nyuma yake ikifuata mikaa. Pigeni picha: mawimbi yanatoka Kariakoo, kwanza yanachukua mninga na mkongo, kisha miti ya kati, mwishoni kinachobaki kinaingia tanuruni. Msata iko njiani mwa mawimbi hayo, na tangu lami ya kutoka Bagamoyo ilipofika hapa, umbali kwenda jijini umepungua tena. Mbao ya mti wa asili iliyo karibu na halali sasa ni chache. Kilichopo ni mitiki ya watu iliyopandwa miaka 15 au 20 nyuma, miembe mikuukuu, mikorosho iliyochoka, mijohoro, minazi iliyokufa. Hiyo imetawanyika shamba moja moja. Hakuna kiwanda kitakachoifuata. Ni tela au ni kuni.

Tela la Msata

Kile kikundi nilichokitaja kilikuwa na wanachama kumi na wawili, wakulima na wachuuzi wa mbao. Walipata kichwa cha mashine ya mkanda kilichotumika, pamoja na injini na reli zake za mita 5 na ushee, bila tela. Wakaenda kwa fundi wa kuchomelea, mtu mwenye mkono mzuri kwa mageti na madirisha. Akapata ekseli ya pikapu chakavu, akaiweka katikati kabisa ya kitanda, "ili mzigo ukae sawa". Kwa macho ilipendeza. Waliisukuma uani kwa mkono mmoja, wakapiga makofi. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya Price ya 1876.

Siku ya safari ya kwanza waliivuta kwa pikapu kwenda upande wa Mandera. Kichwa cha mashine, ambacho kinateleza kwenye reli, walikifunga kwa kamba ya katani. Kwenye mteremko wa kuelekea daraja la Wami kamba ikalegea, kichwa kikarudi nyuma, mkono wa tela ukawa mwepesi, na tela likaanza kucheza mkia kushoto na kulia hadi likaivuta pikapu mtaroni. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia. Tela lilinyanyuliwa na kazi ikaendelea. Kumbe kitanda kilikuwa kimejipinda kama kamba ya kitanda cha zamani, kidogo tu, macho hayaoni. Wakapasua wiki tatu. Ubao upande mmoja inchi moja, upande wa pili inchi moja na robo. Walipozifikisha mbao njia panda ya Msata, mnunuzi alizipanga, akachungulia pembeni, akachukua chini ya nusu na kuziacha nyingine pale pale chini. Mitiki ile ilikuwa ya mama mmoja mjane aliyekubali kulipwa mbao zikiuzwa. Alilipwa, lakini kwa kuuza injini ya pampu ya mwanachama mmoja. Hapo ndipo nilipoacha kunyamaza.

Tulilifungua tela lote. Mambo tuliyofanya ni haya, na anayetaka kujenga aanzie hapa.

Kwanza tulitafuta kitovu cha uzito. Kitanda kikiwa na kila kitakachosafiri, kichwa, injini, tangi likiwa na mafuta, misumeno ya akiba, na kichwa kikiwa mbele kabisa mahali kitakapofungwa, tulikilaza juu ya bomba nene la chuma na kukisogeza hadi kikakaa bila kuegemea upande. Pale penye bomba ndipo kitovu. Ekseli haikai hapo. Inakaa nyuma ya hapo. Kwetu, kutoka kwenye kiungio hadi kitovu ilikuwa mita 3 na nusu, tukaiweka ekseli nusu mita nyuma, mita 4 kutoka kwenye kiungio. Tela zima lina uzito wa kama kilo 900. Ukizidisha kwa nusu mita na kugawa kwa 4 unapata kilo 112 zinazokaa kwenye kiungio. Lengo ni kati ya sehemu ya kumi na sehemu ya saba ya uzito wote. Ikipungua, mkia unacheza. Ikizidi sana, pikapu inakaa chini nyuma na usukani unakuwa mwepesi. Yule fundi alipoiona hesabu hii alisema, "Bwana shamba, mimi nilipima kama mizani ya sokoni." Alikuwa sahihi. Mizani inapimwa ikiwa imesimama.

Pili, kichwa sasa kinafungwa kwa pini ya chuma inayopenya kwenye reli, na mnyororo juu yake. Kamba ya katani ni ya mbuzi.

Tatu, na hili ndilo lililookoa mbao, tulikitenganisha kitanda na fremu ya tela. Kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki hata ukikiweka kwenye mawe. Cha miguu minne kinatikisika. Basi kitanda cha msumeno kimekalia fremu kwa sehemu tatu tu, mbili nyuma na moja mbele katikati, na kimefungwa kwa bolti zenye raba. Fremu ya tela ikipita kwenye makorongo na kujipinda, inajipinda yenyewe, haikipindishi kitanda.

Nne, hatupasui tena tela likiwa limekalia matairi. Gogo la kilo 800 likidondokea kitandani springi zinashuka, tairi linabonyea, na kipimo chako cha inchi kimekwenda. Kitanda kina miguu sita ya jeki, kila mguu unakanyaga kipande cha mbao ngumu ili usizame, maana udongo wetu wa kichanga unameza chuma. Unakandamiza jeki hadi matairi yawe yananing'inia tu, unapitisha pima maji, halafu unavuta uzi mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho wa kitanda na kupima kila boriti ya kulalia gogo. Dakika 20. Nimewaona watu wanaziruka hizo dakika 20, na mbao zao nimeziona pia.

Kuhusu kuchomelea: usimalize upande mmoja ndipo uende mwingine. Joto linavuta chuma. Shika kwanza kwa vidonda vidogo pande zote, pima mlalo wa kona hadi kona, urefu uwe sawa, kisha chomelea kipande huku, kipande kule. Matairi tulichagua yanayoingiliana na ya pikapu inayovuta, ili tairi la akiba liwe moja. Sehemu ya chini tuliinua iweze kupita majani na visiki. Njia ya shamba si lami ya Msata.

Jambo la karatasi nitalipitia haraka, ingawa ndilo linalowatoa watu jasho. Tela ni chombo cha barabarani: lisajiliwe, liwe na taa za nyuma na viakisi mwanga. Mti, hata wa shambani kwako uliopanda mwenyewe, usiuangushe kwa biashara kabla hujaonana na ofisi ya misitu ya halmashauri au TFS. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka leseni ya kuvuna, alama ya nyundo na hati ya kusafirishia. Na kuwa na mashine inayotembea kunaongeza macho yanayokutazama. Kituo cha ukaguzi hakijui kama ubao huu ni wa mitiki ya mama mjane au wa msitu wa hifadhi. Kinachojua ni karatasi. Wenye mashine wawekeane daftari: tarehe, shamba la nani, miti mingapi, mbao ngapi, namba ya hati.

Tela lilipokamilika kwa mara ya pili niliomba wamwite yule babu aje kulitazama. Alikuja na fimbo yake, akalizunguka, hakusema kitu. Halafu akapiga goti upande wa nyuma, akafumba jicho moja, akachungulia reli kutoka mwisho hadi mwanzo, kama alivyokuwa akichungulia mstari wa masizi. Akawaambia vijana, "Mguu wa tatu, huo wa kulia. Pandisheni kidogo." Tukaweka pima maji. Kweli ulikuwa umezama.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya yule yule mama, mitiki yake sita iliyobaki. Safari hii makubaliano yaliandikwa: kikundi kinachukua theluthi moja ya mbao kama ujira, yeye theluthi mbili, mabanzi na unga vinabaki kwake. Mabanzi ameyatumia kuzungushia banda la kuku. Baada ya vuli wanaelekea Miono, kuna mwenye mikorosho mikongwe anataka kujua kama inatoa ubao. Nimewaambia waanze na gogo moja, na wanoe misumeno minne kabla hawajaondoka.